Ipo, lakini iko Dar

"Ipo," mama mwenye duka akaniambia, macho yakiwa bado kwenye simu. "Ila iko Dar."

Nilikuwa nimeegemea kaunta yake hapa Tabora mjini, mkononi nina beringi ya gurudumu la nyuma la Toyota IST yangu, nimeizungushia kipande cha gazeti kilichokwishalowa grisi. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameinua gari kwa jeki, akalaza kiganja cha kushoto juu ya springi, halafu kwa mkono wa kulia akaisukuma tairi izunguke. "Njoo ushike hapa, bosi wangu." Nikashika. Sauti haikuwa kubwa, lakini mtetemo wa kukwaruza ulikuwa unapanda kwenye chuma na kuingia kiganjani. Ule mngurumo niliokuwa nausikia kila spidi ikikaribia themanini, nikawa nausingizia tairi, ulikuwa umempata mwenyewe.

Mama akaipiga beringi picha pale juu ya kaunta, akaituma WhatsApp kwa mtu wake wa Gerezani, Kariakoo. Jibu likaja kwa sauti, nyuma yake honi na kelele za wapiga debe: "Mama mkubwa, hiyo ni ya ABS au ya kawaida?"

Akanitazama. Nikamtazama.

Nikaigeuza. Mgongoni kulikuwa na kisoketi cha plastiki, kimejaa tope mpaka kimefanana na chuma chenyewe. Ya ABS, zile breki zenye sensa. Picha ilikuwa imechukua upande wa mbele tu. Marehemu mume wake, aliyelifungua duka hilo, angekuwa ameigeuza kabla hata hajaitikia salamu.

Wakati tunasubiri bei nikawa naangalia rafu. Zilijaa mpaka darini: cheni, sproketi, tyubu, kebo za klachi, brekishuu, vioo vya pembeni, taa za mbele. Vyote vya pikipiki. Nikatafuta kitu cha gari. Nikaona filta za oili, na madumu ya maji ya rejeta.

Beringi ilikuja, ikafungwa, gari linatembea. Zile rafu ndizo ambazo hazijanitoka kichwani mpaka leo.

## Kila mmoja ana kesi yake

Najua wenzangu wa Tabora mtasema nini: waache wenye maduka ya spea wafunge, wamejitakia.

Na kesi mnazo. Duka lilelile lina bei tatu kwa spea ileile. Kuna bei ya fundi akija peke yake, kuna bei yako ukija peke yako, na kuna bei yenu mkija pamoja, ambayo ndani yake mna cha juu cha fundi na wewe hujui ni kiasi gani. Kuna plagi zenye boksi la kupendeza, maandishi yanang'aa, ukizifunga gari linaanza kumisi kabla hujaiona Nzega. Kuna ile ya "hii ya Vitz inaingiliana kabisa", ukiifikisha gereji inaingia kweli, kwa nyundo. Na juu ya kaunta kuna kibao, karibu kila duka: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Kwa sheria, kibao hicho peke yake hakipaswi kuwa mwisho wa mazungumzo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ukiomba beringi ya ABS, upewe beringi ya ABS. Lakini nani hapa mjini ataacha shughuli zake aende mahakamani kwa ajili ya beringi? Tunanung'unika, tunahamia duka la jirani, na jirani naye ana kibao kilekile, pengine kimeandikwa na mkono uleule.

Kwa hiyo maduka ya spea yalipoanza kupungua, na mengi hayakufungwa kwa kishindo, yalibadilika tu kimyakimya, moja likawa la simu, jingine la vipodozi, jingine nusu spea nusu wakala wa pesa, sikumsikia mtu akilia. Nami sikulia. Niliona wamevuna walichopanda.

Nilikuwa na uhakika huo mpaka niliporudi kwa mama.

## Stoo

Nilirudi bila shida yoyote ya gari, nikiwa na hoja zangu tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekataa?" Alidhani beringi imegoma.

Nikamwambia hapana, imekaa vizuri. Nimekuja kuuliza tu: hapo nje magari yanapishana kutwa, inakuwaje duka la spea halina spea za magari?

Hakunijibu. Alimwita kijana akae kaunta, akachukua funguo, akanipitisha mlango wa nyuma.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la nondo. Mama hakuwasha taa, hakuihitaji. Alikuwa anapeleka mkono moja kwa moja. Gasketi za Peugeot 504, bado ziko kwenye nailoni yake. Kabureta. Distribyuta za Corolla zile za zamani. Klachi pleti za Isuzu. Brekishuu za Land Rover zilizoshikwa kutu pembeni. Taa za nyuma za Carina, za kulia tupu. Za kushoto ziliisha, na hakuna aliyewahi kugongwa upande wa kulia tena. Alicheka aliposema hivyo. Halafu akaacha kucheka.

"Hapa pamelala nyumba ya vyumba vitatu," akasema. "Kila boksi unaloliona lina mtu aliyesema atarudi."

Akanieleza jinsi marehemu mzee wake alivyokuwa akifanya. Hakusubiri mteja aje ndipo atafute. Alikuwa akipita gereji jioni, anahesabu ni magari gani yako juu ya mawe, anauliza yamekufa nini. Akienda Dar ananunua kwa hesabu ya vile alivyoviona, anaongeza na vile anavyohisi vitakufa masika. Kile ambacho hakikuuzwa mwaka huu kingeuzwa mwakani, kwa sababu gari lilelile lingekuwa bado lipo Tabora, na likiuzwa lingeuzwa kwa mtu wa Tabora.

Kisha magari yakaondoka, vikabaki vyuma vyake.

Nilikuwa nimekwenda kumuuliza kwa nini haweki spea. Nikatoka najiuliza walipata wapi ujasiri wa kuziweka zile.

## IST si gari moja

Mtu asiyekaa kaunta anadhani IST ni IST. Fungua boneti usome namba ya chesisi. NCP60 ni injini ya 2NZ, lita moja nukta tatu. NCP61 ni 1NZ, lita moja na nusu. NCP65 ina 1NZ hiyohiyo lakini inavuta magurudumu yote manne, na nyuma kumejengwa tofauti kabisa. Probox nazo vivyo hivyo: NCP50, 51, 55. Kwa macho ni gari moja. Kwa muuza spea ni rafu tatu, na kila rafu inaweza kugawanyika tena: ya ABS na isiyo ya ABS, kulia na kushoto, orijino, mchina, na iliyotumika Japani.

Sasa ongeza Spacio, Noah, RAV4, Passo, na yale magari ya ajabu ambayo mtu ameyaona kwenye picha mtandaoni akayapenda kwa rangi. Zamani mji ulikuwa na aina chache za magari, na mengi ya kila aina. Siku hizi una aina nyingi, na machache ya kila aina. Mwenye duka akiamua kuweka beringi za nyuma za wote, mtaji wake unalala kwenye chuma, na benki haimsubiri.

Pikipiki ni kinyume chake. Boxer iliyoko Ng'ambo ni ileile iliyoko Ipuli, na ile ya Sikonge, na ile ya kijijini kabisa inayobeba magunia matatu na mtu juu yake. Cheni ikinyooka inatupwa, haina cha ABS. Mama anaweka sproketi Jumatatu, wikiendi zimekwisha, anaagiza tena. "Bodaboda hanisumbui," alisema. "Anakuja, anataja, analipa, anaondoka. Mwenye gari anakuja na wasiwasi wake wote."

Hapo sikuona la kubisha. Mimi mwenyewe ndiye mwenye wasiwasi wote.

## Lami nayo

Kuna jambo ambalo nilikuwa silifikirii mpaka fundi aliponitajia huku amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Lami imetuua, bosi."

Nilidhani anatania. Tabora tumelilia lami kizazi kizima. Kwenda Nzega ilikuwa adhabu; kwenda Itigi wakati wa mvua ilikuwa ni kuaga nyumbani. Leo unatoka hapa kwenda Manyoni kwa lami, unakwenda Sikonge na kuendelea mpaka Mpanda kwa lami. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kurudi kwenye yale makorongo.

Lakini makorongo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha. Shokapu, bushi, boljointi, tairodi, majani ya springi za Fuso: vyote hivyo vilikuwa vinakwisha kama karanga. Duka likiuza shokapu kila siku, faida ya shokapu ndiyo inayobeba ile beringi inayosubiri mteja wake miezi minane. Shokapu zilipoanza kudumu, beringi ikakosa wa kuibeba.

Na lami hiyohiyo iliyopunguza uharibifu ndiyo iliyoisogeza Kariakoo mlangoni. Mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi, mambo yakaisha kabisa. Spea inalipiwa jioni Gerezani, inalala kwenye buti la basi, kesho iko stendi ya Tabora. Kwa nini mtu aiweke rafuni miezi minane?

## Kijana wa Gerezani

Sina ugomvi na mawinga, wale madalali wa Kariakoo. Yule wa mama ni kijana makini, anapokea simu hata usiku, na anajua namba za spea kuliko watu wengi waliozaliwa dukani. Nami nimeshaagiza kwake na kwa wenzake, moja kwa moja, bila kupitia kwa mama.

Mama anajua. Wote tunafanya hivyo. Alinisimulia mteja aliyeomba aoneshwe boksi la wota pampu, akaligeuza, akapiga picha namba iliyoandikwa ubavuni, akaituma Dar akiwa bado amesimama kaunta, akasubiri jibu, akasema asante mama, akatoka. Hakuwa na haya yoyote. "Hata boksi hakulirudisha mahali pake," mama akasema, na nikaona kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kwa upande wa gharama pambano lenyewe halina usawa. Mama ana pango, na kwenye pango hilo kuna kodi ya zuio ya asilimia kumi. Ana leseni ya biashara, mashine ya EFD, umeme, kijana wa kaunta, mlinzi. Mlango wake uko barabarani, anayetaka kumkagua anamkuta. Winga ana simu, bando, na miguu ya kukimbia kutoka duka hili hadi lile. Risiti ukimwomba anakujibu kwa kicheko kile cha vikaragosi.

Lakini angalia kilichohama pamoja na bei. Zamani spea isipoingia, unairudisha kwa mzee, mnabishana, anakupa nyingine au anakufukuza. Kwa vyovyote vile, hasara mnagawana mkiwa mnatazamana. Siku hizi unatuma pesa kwanza. Unalipia basi. Ikija siyo, unalipia basi la kuirudisha, unaomba, unasubiri, unapiga simu, inaita bila kupokelewa. Ile Sura ya 214 ipo palepale, ila wa kumshitaki ni namba ya simu. Hatari yote ya kukosea imetoka kwenye kaunta ikahamia mfukoni kwetu, nasi tumeipokea tukidhani tumepata punguzo.

Na kuna siku Kariakoo yenyewe inafungwa. Mei 2023 wafanyabiashara walipogoma kwa sababu ya mambo ya kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuzungumza nao Mnazi Mmoja, mgomo ulikuwa wa Dar es Salaam. Duka letu la spea lilikuwa ndilo lililofungwa. Juni 2024 yakajirudia.

## Wazee wananicheka

Nimejaribu kulisema hili mbele ya wazee wawili wanaocheza bao chini ya mwembe, nikachekwa.

"Basi moja la usiku mnaita shida?"

Wao wanakumbuka enzi za Shirika la Magari la taifa, State Motor Corporation, na ukame wa fedha za kigeni miaka ya mwanzo ya themanini, wakati gari likiharibika lilikuwa linasimama mpaka kuku wanataga ndani. Spea haikununuliwa, iliombewa. Mafundi wa wakati ule walikuwa wanachonga bushi kwa mpira wa tairi na kukata gasketi kwa karatasi ngumu. Mmoja akaniambia, bila kuacha kusambaza kete, kwamba maduka ninayoyalilia nayo yalikuja baadaye, baada ya milango ya biashara kufunguliwa, na yalipokuja yalitukamua sawasawa kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Hilo lilinipunguzia kasi. Kwa wiki nzima nilikuwa tayari kuliacha jambo hili. Pengine ninachokiona si anguko, ni biashara tu imebadilisha nguo. Bei imeshuka, chaguo limeongezeka, kinachotakiwa ni subira ya usiku mmoja.

Nikawa nimeridhika. Kisha nikakutana na dereva wa Probox.

## Usiku mmoja ni wa nani?

Anaendesha gari la mtu. Kila jioni anampelekea tajiri, mwenye gari, hesabu yake. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chake. Beringi yake ilikufa njiani, kama yangu tu, ila yake ilikuwa imebeba abiria.

Tuseme beringi hapa mjini, kama ingekuwepo, ni sh. 90,000. Gerezani ni sh. 60,000, na basi sh. 5,000. Mimi hapo nimeokoa sh. 25,000, maana gari langu likisimama ninapanda bodaboda kwenda kazini na mshahara hauulizi. Yeye hesabu yake ni sh. 30,000 kwa siku. Siku ya kuagiza imekwenda. Siku ya kupokea nayo imeliwa nusu: basi limechelewa, konda hapatikani, mzigo umeshushwa kwa makosa Nzega. Akija kuifunga ni jioni. Tajiri anataka hesabu za siku zote hizo, au anataka funguo.

Yeye angelipa hata laki moja kwa beringi iliyoko rafuni saa ileile. Angeona ni rahisi.

Hapo ndipo nilipouona mchezo wote. Rafu ile ya mzee haikuwa inalipiwa na wenye haraka peke yao. Wenye haraka ni wachache kwa siku moja, na hujui kesho watataka nini. Ilikuwa inalipiwa na sisi tusio na haraka, tuliokuwa tunatoa ile elfu ishirini na tano ya ziada kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Hatukujua tunalipia nini. Tulidhani tunaibiwa, na mara nyingine kweli tulikuwa tunaibiwa. Lakini ndani ya wizi ule kulikuwa na kitu: spea ya mtu mwingine, ikisubiri.

Sisi wenye muda tulipopata njia ya kuondoka, tuliondoka. Aliyebaki ni asiyeweza kusubiri, na yeye peke yake hawezi kuibeba rafu. Na si dereva wa Probox tu. Ni mwenye Canter ya kubeba tumbaku, msimu wa masoko ukiwa umepamba moto na mzigo wa chama cha ushirika uko kijijini. Ni yule mwenye Noah inayokodiwa usiku na familia yenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Kitete.

Mimi nikilalamika kwamba Tabora hakuna spea, nalalamikia usumbufu. Hao wanapoteza kazi.

## Mtu wa kwanza kusubiri mzigo

Kuna mteja mmoja maarufu wa kanda hii ambaye nimekuwa nikimfikiria kila nikiwa stendi nasubiri basi. David Livingstone aliingia Ujiji Oktoba 1871 akiwa hoi, akitegemea shehena aliyotumiwa kutoka pwani. Akakuta aliyekabidhiwa ameshaiuza yote. Stanley alipomkuta muda mfupi baadaye, alikuwa mtu aliyeagiza mzigo, ukapotelea kwa winga. Mwaka uliofuata akaja kukaa hapa kwetu Kwihara, kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho, akasubiri wapagazi kutoka pwani tangu Machi mpaka Agosti.

Kilichonivutia si Mzungu aliyekwama. Ni kwamba alikuja kusubiria Tabora, maana Tabora ndipo mali ilipokuwa ikiwekwa. Misafara ya Wanyamwezi na Waarabu ilishusha vitambaa, shanga na pembe hapa, kisha njia zikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ikafuata mkondo huohuo: ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na tawi lililochomoza hapahapa likafika Mwanza mwaka 1928. Kazi ya mji huu ilikuwa kuwa na kitu mbali na pwani, ili mtu wa Ujiji asilazimike kukifuata pwani.

Reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Ikifika, Dar itakuwa karibu zaidi, na sijui kama itatuletea maghala au itatumalizia yaliyobaki.

## Daftari

Nilimpelekea mama maneno ya dereva. Nilidhani atasikitika. Yeye akachukua kalamu.

Akasema hawezi kuweka spea za magari yote, na hatajaribu tena. Lakini pale stendi Probox na IST ndizo nyingi. Kama madereva na matajiri wao watachanga, kidogokidogo kila wiki kama kikoba, yeye ataweka vitu vinavyokufa ghafla na kusimamisha gari: beringi za mbele na nyuma, feni belti, koili, wota pampu, brekipedi, stabilaiza linki. Aina hizo mbili tu. Mwanachama anachukua kwa bei ya Gerezani na nauli, anaongeza kidogo cha rafu, na kile "kidogo" kimeandikwa wazi ukutani. Isipoingia, inarudi. Kibao atakishusha yeye mwenyewe.

Nikaona ni wazo zuri, nikalipeleka stendi kwa kiherehere. Sijawahi kuona wazo zuri likichanwachanwa kwa kasi ile.

Wenye NCP50 wanataka kujua kwa nini wachangie beringi ya nyuma ya NCP55. Mwenye Noah anauliza yeye ni mtoto wa kambo, na alipopelekewa jibu la mama, "Noah aagize Dar", akatishia kuhamisha hata ununuzi wake wa oili. Tajiri mmoja amesema hachangii spea ya gari ambalo halijaharibika. Mwingine amekubali kwa sharti kwamba daftari atunze yeye, na hapo kelele zikawa kubwa zaidi kuliko kwenye pesa zenyewe. Yule dereva aliyepoteza siku zake ndiye wa kwanza kutoa mchango, noti ya elfu kumi, nayo mpaka naandika haya iko kwa mama kwenye bahasha, imeandikwa tarehe, kwa sababu hakuna aliyekubaliana nani mwingine aishike.

Wiki hii mafundi nao wamepata habari. Wamemtuma mwenzao mmoja, kwa adabu zote, aje aulize cha juu chao kimewekwa ukurasa gani.